Nilizungushia kuku wa mama nyavu za samaki, paka wa mtaa mzima wakahamia kwetu

Wakuu, salamu kutoka Kampala, huku Ggaba ziwani.

Hii sikuhadithiwa na mtu. Kuku ni wa nyumbani, hasara ilikuwa ya nyumbani, na aibu yangu nitaieleza vilevile.

Mimi ni Mkongomani wa Bukavu, nauza dagaa hapa sokoni. Naishi na mama yangu. Tangu tuvuke mpaka, mama alikuwa mtu wa kukaa mlangoni tu. Ukimsalimia anaitika, ukimpa chakula anakula kidogo, basi.

Kisha mama mmoja wa kanisani akampa kuku jike. Kuku akalalia, akaangua.

Wakuu, mama akaanza kuamka mapema. Anaponda mahindi, anafukuza mbwa, anagombana na watoto wa jirani. Kumsikia anagombana nilifurahi mno.

Usiku kuku walilala jikoni kama kwetu Bukavu. Tatizo lilikuwa mchana. Anayeijua Kampala anajua mwewe wa huku hawana haya, wanashuka uani watu mmekaa. Kila nikirudi sokoni, vifaranga wamepungua.

Jioni moja nikamkuta mama karudi pale mlangoni.

"Achaka tu," akaniambia. "Byote tunagusaka binaisha."

Neno hilo, kwamba kila tunachogusa kinaisha, liliniuma sana. Nikaapa kwamba hawa waliobaki hawaishi.

Banda la fundi sikuliweza. Nikaenda Kisenyi kwenye vyuma chakavu, nikapata vitanda vya chuma vya shule vilivyovunjika. Nikavisimamisha, nikavifunga kwa waya, fremu hiyo. Kuzungushia pembeni na kufunika juu, nikaomba nyavu kuukuu kwa wavuvi. Bure kabisa. Nikajiona injinia.

Mwewe walikoma kweli. Ila paka wakaanza kuja, kwanza mmoja, baadaye ukoo mzima. Wanapanda juu ya banda, wanalamba nyavu, wanazitafuna. Mimi nikasema ni njaa tu ya paka wa Ggaba.

Jumapili moja tumerudi kanisani tukakuta nyavu zimechanika na vifaranga wengine hawapo. Mama alivuta kiti chake akakiweka mlangoni.

Aliyenifumbua macho ni jirani yetu Mama Okello, mke wa askari, mtu wa Gulu. Alisimama uani ameshika pua.

"Wewe nafuga kuku ama nafuga paka?" akaniuliza. "Hii nyavu yako nanuka samaki mpaka kwangu ndani."

Wakuu, mimi nashinda na dagaa. Mama anafua nguo zangu za dagaa. Nyumbani kwetu hakuna pua inayosikia samaki tena. Kumbe nilikuwa nimewatundikia paka chakula, halafu kuku nikawaweka chini yake.

Nikafungua nyavu zote, nikabakiza fremu. Pembeni nikafunga wavu mgumu wa kuanikia kahawa, huku wanauita kofi-trei, mabaki niliyoyapata madukani Kikuubo. Kifaranga hatoi kichwa, paka haingizi mkono.

Chini sikuchimba msingi. Wavu niliukunja kwa nje ukalala ardhini, urefu wa mkono wangu, nikapanga mawe juu yake. Mbwa na nguchiro huchimba palepale ukuta unapogusa udongo. Akikutana na wavu, anachoka anaenda zake.

Juu nilirudisha nyavu zilezile kwa ajili ya mwewe, zikiwa mbili mbili. Safari hii niliziloweka kwa sabuni na majivu, nikaanika juani, nikampelekea Mama Okello anuse. Alinirudisha nikafue tena. Nilitii, maana pua yangu siiamini.

Paka wanapita sasa, wanaangalia, wanaendelea na safari.

Nilichojifunza ni kwamba kabla hujasema banda limeisha, ita mtu asiyelala kwako aje aangalie na anuse. Mwenye nyumba huzoea mengi mpaka hayaoni. Na cha bure kikague zaidi ya cha kununua.

Juzi nilikuwa nakaza waya, mama akaja akasimama karibu yangu. Matetea wake wameshakua. Akaangalia banda, akaangalia nafasi iliyo wazi kando ya ukuta wa nyumba.

"Ongeza na huku," akasema. "Mwaka kesho hapa hapatatosha."

Tangu tuvuke mpaka sikuwahi kumsikia mama akitaja mwaka kesho. Hata wiki ijayo alikuwa haitaji. Nilijifanya napima ukuta, maana macho yalikuwa yameshajaa.

Kwa hiyo wakuu, mliowahi kurefusha banda bila kubomoa la mwanzo, njooni mnielekeze. Kazi nimeshaikubali, na mama anauliza kila asubuhi naanza lini.