Disketi Ambayo Mwenyewe Hakuionja

Mtu anayeficha sumu ndani ya kitu cha bure namdharau kuliko mwizi. Mwizi angalau huruka ua kwa miguu yake.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa karani wa muungano wa vikundi vya akina mama huko Kathonzweni. Tulikuwa na kompyuta moja iliyotegemea jenereta. Kuitumia nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kikuukuu nilichonunua Makindu na kufanya kila zoezi lake mara mbili. Kazi yangu kubwa ilikuwa orodha ya mbegu: mahindi, mbaazi na ndengu, gunia lipi liende kijiji kipi kabla ya mvua ya Novemba. Mbegu ikifika baada ya mvua, huchemshwa ikaliwa, na shamba likabaki tupu.

Programu ya kupanga orodha hiyo ilikuwa ya bure. Walioiandika, watu wa mbali, waliacha mistari yake ya maagizo wazi ili yeyote aisome, airekebishe, ampe mwingine. Hilo niliwaheshimia. Lakini sisi ilitufikia kupitia mtaalamu mmoja wa mjini Kitui, aliyeitwa Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata kuku. Alisema ameiboresha, akagawa disketi katika ofisi nyingi. Hakuna aliyesoma kilichomo. Kwetu disketi ililetwa na mkwe wa mwenyekiti, na kitu cha mkwe hakipekuliwi.

Mimi nilikipekua. Nilichapisha mistari yote, nikaipigia alama kwa penseli mmoja mmoja, siku tisa. Karibu na mwisho, chini ya sehemu inayochora mipaka ya ukurasa, nilikuta mistari sita isiyohusiana na kupanga chochote. Ilitazama tarehe. Oktoba ikifika, ingehamisha majina kutoka kijiji hadi kijiji, kisha iandike kwenye kioo kwamba orodha ni mgonjwa, aitwe Daktari. Nilitengeneza nakala, nikaisogeza tarehe mbele. Mjane jirani yangu akahamia kijiji ambacho hajawahi kukanyaga.

Nilimweleza mwenyekiti, mama mzee asiyejua kusoma.

"Unasema mkwe wangu ameniletea nyoka?"

"Mwaitu, mama yangu, alibeba kibuyu tu. Hakujua kilichomo."

"Basi mwenye kibuyu aje aonje."

Kwetu anayeleta pombe hunywa funda la kwanza mbele ya wageni. Desturi hiyo hata mtoto anaijua, lakini kwa sababu disketi haina povu, watu wazima wote walikuwa wameisahau.

Daktari alikuja na suti, na kompyuta yake mwenyewe inayokunjwa kama sanduku. Mbele ya akina mama waliokusanyika nilimwomba aiweke programu humo, aipe orodha ya wateja wake, asogeze tarehe hadi Oktoba.

"Karani, wewe umesomea wapi?"

"Sijasoma popote, Daktari. Onja."

"Betri imeisha."

"Jenereta hiyo hapo nje inanguruma," akasema mama mmoja. "Ama na masikio yako yameisha?"

Wakacheka. Yeye akaanza kueleza mambo ya umeme wa jenereta na afya ya mashine, kwa Kiingereza kingi. Mwenyekiti alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaisukuma disketi kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeondoa panya aliyekufa mezani.

"Asiyeonja pombe yake, aende nayo nyumbani."

Niliifuta mistari ile sita kwenye kompyuta yetu na kuilinganisha orodha na daftari langu. Magunia yalifika mapema, na akina mama wakapanda vumbini wakingoja mvua.

Ofisi moja ya Kitui niliiandikia barua, pamoja na nakala ya mistari ile. Walijibu kwamba hawapokei ushauri wa kiufundi kutoka kwa karani. Oktoba orodha yao ikavurugika. Daktari akaitwa, akaiponya kwa nusu siku baada ya kuwasubirisha majuma matatu, nao wakamchinjia mbuzi. Mbegu zao zilifika mvua ikiwa imeshanyesha. Nilisikia zilichemka vizuri.