Sauti ya Damu Jichoni mwa Mama Mkubwa

Miaka ya themanini nilikuwa muuguzi katika kliniki ya macho Malindi, na mgonjwa aliyenishinda ubishi kuliko wote alikuwa mama mkubwa, dada yake mama. Alikaa Mambrui, akidarizi kofia. Asubuhi moja alinijia kazini, akaniambia jicho la kushoto humzimikia.

"Kama pazia. Linateremka, navuta uradi kidogo kwa tasbihi, linapanda lenyewe."

"Mara ngapi?"

"Hii ya tatu. Usimwambie mamako."

Kwa bahati, wiki ile tulikuwa na daktari mgeni kutoka bara, amekuja na kijisanduku mfano wa redio ndogo, chenye waya na kitu kama kalamu. Kalamu ile hutuma mawimbi ya sauti yasiyosikika. Yakigonga damu inayopita mshipani hurudi, na kijisanduku huyageuza kuwa mvumo.

"Mama, fumba macho. Usiogope hii kitu," daktari akasema.

"Kitu hiki," mama mkubwa akamsahihisha, kashafumba.

Nikampaka mafuta mazito ya baridi juu ya kope. Daktari akaweka kalamu pembeni mwa jicho la kulia. Shwaa, shwaa, shwaa.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Damu yako, mama."

"Subhanallah! Kelele yote hiyo, na miaka sitini sijaisikia!"

Daktari akaminya kwa kidole mshipa ulio mbele ya sikio. Upande wa kulia sauti haikubadilika. Upande wa kushoto, alipominya tu, ikafifia. Akarudia. Ikafifia tena. Akaiweka kalamu chini.

Alitueleza polepole. Mshipa mkubwa wa shingoni, upande wa kushoto, umekuwa mwembamba, basi damu ya jicho inazunguka kupitia mishipa ya usoni.

"Yaani inaingia kwa mlango wa uani," akasema mama mkubwa.

"Hasa. Na hilo pazia ni onyo la kiharusi."

Akamwandikia aspirini ya kila siku, akamkataza tumbaku anayoitafuna na majani ya tambuu. Ubishi ukaanza: ameila tangu kuolewa, na tambuu bila tumbaku ni chakula cha mbuzi.

"Mama mkubwa," nikamwambia, "mkono ukipooza, utadarizije?"

Akafungua pindo la leso, akatoa kifurushi cha tumbaku, akanitilia mkononi.

Pazia lilishuka mara moja tu baada ya hapo, halikurudi tena. Tambuu aliendelea nayo, bila tumbaku, akilalamika kila siku.

Wiki moja baada ya kipimo kile wakaja wanawake sita wa Mambrui, wazima wote, waliosimuliwa na mama mkubwa, wakitaka kusikilizishwa damu zao. Daktari alikuwa keshaondoka na kijisanduku chake. Nikawapima kwa ubao wa herufi, na wawili wakarudi kwao na miwani.