Moshi Aliosingiziwa Mama

Julai ile ukungu mkavu ulitanda Karungu siku nne mfululizo. Jua lilichomoza jekundu, na darasani kwangu watoto walikohoa kutwa. Chifu msaidizi hakuhitaji uchunguzi. Aliteremka ufuoni, akadai moshi unatoka huko, akaamuru tanuri zote za kukaushia samaki zizimwe. Aliyeanza naye ni mama yangu, ambaye mbuta wake walikuwa hawajakauka hata nusu.

Nilipandwa na hasira. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na sina subira na watu wanaohukumu kwa pua. Nikadai baraza, nikapewa jioni ileile.

Nilianza vibaya. Nilinyoosha kidole ziwani, kwenye wingu jeusi lililosimama wima juu ya maji, nikatangaza kwamba moshi ndio ule, unatoka ng'ambo. Watu wakaangua kicheko.

"Mwalimu, hiyo ni sami!" mvuvi mmoja akaniambia. "Hata mtoto ya nasari anajua."

Walikuwa sami kweli, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kwa makundi. Nimezaliwa hapa, na kiherehere kilikuwa kimenisahaulisha. Niliona aibu mpaka masikioni.

Mama akanivuta mkono. "Nyathina, mtoto wangu, samaki inaoza. Sema haraka."

Nikatoa simu, nikawaonyesha picha za setilaiti za siku zile nne. Vidoti vyekundu vilikuwa moto wa nyika, mbali kusini, ndani ya Tanzania. Utando wa kijivu ulitoka hapo ukasogea kila siku, hadi ukalifunika ziwa letu. Simu ilipita mkono kwa mkono. Chifu akaguna.

"Picha ni picha tu," akasema.

"Basi washeni tanuri zote," nikamjibu. Utabiri ulionyesha upepo ungegeuka usiku. "Kesho kabla ya saa sita mchana hewa itasafika, hata zikiwa zinawaka. Isiposafika, nitazizima mwenyewe."

Akakubali, nadhani kwa hamu ya kuniona nikiumbuka.

Saa nne asubuhi vilima vya Gwassi, vilivyofichwa na ukungu siku zote zile, vilijitokeza, kijani kabisa, huku tanuri zote zikifuka. Nilipiga kigelegele mbele ya wanafunzi wangu, na sikujali.

Chifu alifika saa tano. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba anataka mbuta mmoja mkubwa.

Mama akamwonyesha mwisho wa foleni ya wanunuzi.