Mvuke, Mkaguzi na Sanduku la Kioo

Pale kwa dobi hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mvuke, kwa sababu miaka kumi na tisa alikuwa amesimama nyuma ya meza ya pasi, na ukitaka kumwona uso lazima usubiri mvuke upungue. Mwanamke mfupi, mabega mapana, mdomo hauna breki. Nguo akiishika kwa vidole viwili tu anakwambia hii bado mbichi, hii imekauka mno, hii ndiyo yenyewe, ipitishe. Hakosei. Sasa mtu kama huyo aje kufundishwa unyevu ni nini! Na mtoto wa juzi!

Kwenye kona yake alikuwa anafuga kinyonga. Miaka mitatu nyuma mnyama huyo aliletwa hapo ndani ya furushi la mapazia. Povu, mfuaji wa hapo, alipolifungua tu akaruka juu ya mashine na kugoma kushuka.

"Mtoeni huyo mdudu! Ananiangalia!"

"Anakuangalia kwa jicho moja tu," Mvuke akamjibu. "Hilo jingine linakagua kazi yako."

Jina likaganda hapo hapo: Mkaguzi. Mwenye mapazia alipopigiwa simu akasema si wake, mtupeni. Mvuke hakumtupa. Alichukua fremu ya kuanikia nguo iliyovunjika mguu, akaizungushia wavu pande zote nne, akaweka matawi na mmea ndani ya ndoo, tundu likakaa karibu na dirisha.

Siku za mwanzo alimwekea maji kwenye bakuli, na Mkaguzi hata hakuligeukia. Macho yakaanza kuingia ndani. Mvuke akambeba ndani ya boksi la viatu hadi kwa daktari wa wanyama, mtaa wa pili.

"Huyu analamba matone kwenye majani," daktari akamwambia. "Asubuhi mnyunyizie vizuri, halafu acha pakauke. Jioni tena. Pakiwa pakavu siku nzima atakauka yeye. Pakilowa siku nzima utamwozesha mapafu."

"Dokta, hiyo si ndiyo kazi yangu?" Mvuke akacheka. "Kulowesha na kukausha ndiko kunakonilisha."

Basi akatumia chupa ileile ya kunyunyizia mashati. Tena akabuni kitu chake. Alikata kola ya shati kuukuu, akaitia wanga, akaipiga pasi mpaka ikawa ngumu kama kadi, akaitundika ndani ya tundu mahali ambapo maji hayaifikii. Hewa ikiwa nzito, kola inalegea. Hewa ikikauka, inakaza tena. Asubuhi ilikuwa inalegea, mchana inakaza. Ikilegea mpaka saa nane, anafungua dirisha. Miaka mitatu Mkaguzi hakukohoa hata siku moja, kama kweli vinyonga hukohoa.

Halafu akaja Bosi Mdogo.

Bosi mwenyewe, mama mwenye duka la dobi, alikuwa amechoka miguu, akamleta mtoto wa kaka yake awe meneja. Kijana wa viatu vya kung'aa, simu haitoki mkononi. Wiki ya kwanza alibadilisha kibao cha nje. Wiki ya pili akaingia na sanduku la kioo.

"Mama, hii ni biashara," akamwambia Mvuke. "Mteja akiingia aone kitu cha maana, siyo tundu la kuku."

Akamhamisha Mkaguzi mapokezi, chini ya kiyoyozi. Kioo pande zote, kifuniko kina wavu mwembamba kama utepe. Hapo juu, penye ule utepe, akabandika kipimo cha unyevu chenye namba za kuwaka. Kiyoyozi kinapuliza palepale. Kipimo kikasoma thelathini na tano.

"Kinatakiwa kisome sitini," akasema, akachukua chupa. Akanyunyiza. Namba ikapanda, kiyoyozi kikaishusha. Akanyunyiza tena. Kila saa, kama anazima moto.

"Mwanangu," Mvuke akamwambia kwa upole, na upole kwake ni jambo la kumtoa jasho, "kioo hakipumui. Hayo maji unayoyamwaga yatatokea wapi? Weka hata ile kola yangu humo uone."

"Kola?" Akacheka mpaka wateja wakageuka. "Mama yangu, kaa na pasi zako. Hiki ni kipimo. Hakina hisia."

Kesho yake kulikuwa na karatasi imebandikwa kwenye kioo: WASIOHUSIKA WASIGUSE. Wasiohusika! Mtu amefuga kiumbe miaka mitatu, leo hahusiki! Mvuke aliisoma mara mbili, akarudi kwenye meza yake, na shati alilolishika asubuhi hiyo lilikiona cha moto.

Siku ya kumi, kioo kilikuwa kinatoka jasho muda wote na ukungu wa kijani umeota kwenye pembe. Mkaguzi alikuwa ameinua kichwa juu, mdomo wazi, anapumua kwa mluzi, na kwenye midomo vipovu. Mvuke akamfuata Bosi Mdogo mbele ya watu.

"Mnyama anazama humo! Mtoe!"

"Wewe ndiye uliyemharibu," kijana akajibu bila hata kuinua macho kwenye simu. "Miaka mitatu umempikia mapafu na mvuke wa pasi. Mimi nipo kwenye thelathini na tano, nitamzamishaje? Ijumaa namtupa. Nimeshaagiza mwingine, ana rangi kali kuliko huyu."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mvuke hakulia. Alifura. Usiniulize alilala vipi. Alhamisi asubuhi Bosi alipokuja kufungua mlango alimkuta amesimama kizingitini na kola mpya mkononi, imetiwa wanga mpaka ukiigonga inalia.

"Bosi, shika hii."

"Ngumu," Bosi akasema. "Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Kunywa chai yako. Nusu saa tu, sitakusumbua tena."

Akaishusha kola kwa uzi ndani ya sanduku, karibu na tawi la Mkaguzi. Povu akaja kusimama. Bosi Mdogo naye akaingia, akaanza, "Nani kagusa," shangazi yake akamwonyesha kiganja. Nusu saa ilipofika Mvuke akavuta uzi. Kola ilitoka imelala chali kama sikio la mbuzi. Kisha, bila kumwomba mtu ruhusa, akakibandua kipimo kule juu kwenye upepo, akakitundika kwenye tawi, pale Mkaguzi anapopumulia.

Thelathini na sita. Hamsini na mbili. Sabini na moja. Kikaendelea kupanda mpaka tisini na nne.

"Kitakuwa kimeharibika," Bosi Mdogo akasema.

"Juzi hakina hisia, leo kimeugua?" Povu akauliza.

Bosi aliweka kikombe chini. "Mpe kinyonga wake," akamwambia mpwa wake. Basi.

Daktari alitoa dawa ya matone, akasema mnyama angecheleweshwa mpaka Jumatatu, yeye asingekuwa na la kufanya. Mkaguzi akarudi kwenye tundu lake la wavu. Wiki mbili alikaa tu amefumba jicho. Ya tatu akatoa ulimi, akamdaka nyenje, na Povu, yule aliyemkimbia juu ya mashine, akapiga makofi.

Unadhani Bosi Mdogo aliomba radhi? Thubutu! Wateja walipouliza kinyonga yuko wapi, alikuwa anajibu kwa sauti ya mtaalamu, "Tumefanya utafiti, tukaona anahitaji hewa zaidi." Tumefanya! Mvuke aliyasikia hayo akiwa na pasi mkononi, akaendelea na kazi.

Ila Bosi Mdogo mashati yake hufuliwa na kutiwa wanga hapohapo, na anapenda kola isimame. Jumatatu moja alikuja mbio kwenye meza ya pasi, ana mkutano na mteja mkubwa, kola imemlalia mabegani kama imejichokea.

"Mama, mbona kola yangu imelegea hivi?"

Mvuke alimtazama kwa jicho moja. La pili lilikuwa kwenye tundu, ambako kola ya Mkaguzi ilikuwa imekaza vizuri, saa sita kamili.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Kaangalie kipimo."