Riziki na ordinateur ya maternité

Bandugu, nimekuwa tonton, mjomba mzima, leo, ingawa ordinateur ya serikali ilikataa!

Pesa ya serikali imeleta mashini hiyo, kompyuta ya kuandikisha wagonjwa, kwenye centre de santé yetu, zahanati ya Mangobo. Kuanzia leo, hauingii maternité, kule kwa kuzalia, kama jina lako haliko ndani ya mashini.

Dada yangu Riziki akafika, uchungu umemushika.

Fundi wa mashini: «Mama, subiri kidogo, réseau ya internet imekatika.»

Riziki: «Bon, muambie mutoto naye asubiri!»

Mkunga hakuuliza mutu, akamuvuta mkono wakaingia.

Kidogo tu, mutoto analia. Msichana, sauti ya kwaya nzima!

Ndipo fundi akaja mbio, furaha tupu: «Réseau imerudi! Riziki anaweza kuingia!»

Riziki, kutoka ndani: «Iambie tulishamaliza!»

Leteni majina ya mutoto hapa chini. Jina «Connexion», baba yake amekwisha kulikataa.