Skafu ya Matundu

Uzi haujaribiwi kwa mkono. Mkono wa mama umezoea kufua, kusugua sufuria, kushika makaa. Mkono huo utakuambia kila kitu ni laini. Uzi unajaribiwa shingoni, chini ya taya, pale ngozi inapokunjika ukigeuza kichwa. Uuweke hapo, upige gumzo na muuzaji, umuulize biashara inaendaje, akuone mshamba kama anataka. Ukianza kujikuna kabla hajamaliza kujibu, mrudishie.

Mimi shingo yangu haingojei hata hayo majibu. Upande wa kushoto, kutoka nyuma ya sikio mpaka juu ya titi, ngozi ni ile iliyoota baada ya kuungua. Mahali imenyooka inang'aa, mahali imejikunja kama karatasi ya plastiki iliyosogezwa motoni. Aliyenichoma ni mume wangu. Jina lake siandiki, lakini pia siandiki kwamba maji yalimwagika, maana maji hayaruki yenyewe kutoka kwenye sufuria hadi shingoni mwa mtu aliyesimama. Yalikuwa maji ya ugali, yanachemka. Chumba chetu kilikuwa Kawangware. Kosa langu lilikuwa kumuuliza alikuwa amelala wapi.

Aliyewaambia watu wa hospitali kwamba nilianguka juu ya stovu ni dada yake, wifi yangu. Mimi mdomo ulikuwa umevimba, kwa hivyo aliongea yeye, na aliongea vizuri, hata akalia. Aliyekuja wodini kuniambia nirudi nyumbani nisimpe shetani nafasi ni mchungaji wetu. Alikuwa ametoka kunywa chai kwa mume wangu. Nilirudi, kwa sababu binti yetu alikuwa bado mdogo na mimi nilikuwa sina pengine pa kwenda. Niliishia darasa la tano. Mwanamke wa darasa la tano mwenye bandeji shingoni, nani anamfungulia mlango?

Skafu yangu ya kwanza nililetewa na kina mama wa kanisa, na hao nao nitawasema. Walikuwa wa kwetu Ukambani na wengine wa upande wa Magharibi, na wote, hakuna hata mmoja wa kutoa, walikuwa mafundi wa vitambaa vya makochi. Nyumba zetu mnazijua. Kochi lina kitambaa cha mgongo na vya mikono, meza ina chake, redio ina chake, hata thamosi ina kofia. Basi wakachukua uzi ule ule mwembamba wa vitambaa, na sindano ile ile ya kroshia inayopita kwenye tundu la kifungo, na wakashona skafu kwa mkono ule ule uliokaza kama mtu anayefunga mbuzi kamba. Wakaweka maua ya mananasi kutoka mwanzo hadi mwisho. Halafu, kwa kuwa hivyo ndivyo kitambaa kinavyomalizwa, wakaichovya kwenye maji ya sukari, wakaitandaza kwa pini ikauke, wakaipiga pasi. Ikawa kama kadi. Ukiiweka mezani inasimama.

Hakuna aliyejiuliza kama shingo ni kochi.

Walinivisha wakiimba, mbele ya kanisa lote, kwenye ngozi iliyokuwa haijafunga vizuri. Ncha za yale mananasi ziliniingia kama mbigili. Ibada ikaendelea, jasho likayeyusha sukari, na nilipofika nyumbani sisimizi walishaanza kunifuata. Nilimweleza mwenyekiti wao kwamba ile kitu inaniumiza. Akaniambia nivumilie kidogo, wameifanya pana kwa makusudi, watoto wa shule ya Jumapili wamekuwa wakiogopa. Kumbe haikuwa yangu. Ilikuwa ya macho yao.

Siku niliyomwacha mume wangu niliiacha hiyo skafu nimeitandika kwenye kochi lake. Pale iliingia sawasawa.

Kushona nilijifunzia Kenyatta Market, kwa dada mmoja msusi aliyenipa kona ya kukaa kati ya viti vya wateja wake. Sindano yetu ni moja. Yeye anavuta nywele za kubandika, mimi navuta uzi, na mara nyingi anaazima yangu na kuirudisha ina mafuta ya nywele. Huko ndiko nimekaa. Watu wanapita wakielekea kwenye nyama choma, wasusi wanawavuta mikono, na mimi nashona skafu na kuwachukia wateja wangu kimyakimya.

Maana wateja hawajui kuchagua. Anakuja na picha kwenye simu, skafu nene ya nchi za theluji, anataka nimshonee hiyo hiyo kwa wuli ya hapa, ambayo sisi wote tunaiita wuli na kondoo hajawahi hata kuiona. Namwambia uzi huu ni mwembamba na ni wa kiwandani, unatia joto lakini unawasha. Anasema nimtolee tu. Nikimtolea anarudi analia shingo ina vipele. Mwingine anataka mshono mfupi uliobanana, eti unakaa nadhifu. Mshono mfupi ni wa kikapu na mkeka wa mlangoni. Ukiuzungusha shingoni unageuza kichwa pamoja na mabega, kama mtu aliyewekwa plasta. Mshono wa maganda, yale yanayopangana kama vipepeo, ni mzuri wa macho, lakini unakula uzi na ni mzito. Ni wa kina mama wanaotaka kuonekana wakiingia kanisani wamechelewa. Skafu ya kuvaliwa na mtu mwenye haraka zake ni ya mshono mrefu, ule wa kuzungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuvuta. Inalala, haibishani na wewe. Na ukitaka hewa ipite, unaruka, unaweka mnyororo mdogo, unashika tena, unapata matundu. Ya matundu wanaikataa wote. Wanasema haifuniki kitu.

Mwezi wa saba mwaka jana, baridi ile ya mawingu kukaa juu ya paa siku nzima, binti yangu alikuja sokoni na shangazi yake. Kuwaona wote wawili pamoja nikajua kuna neno. Binti yangu alikuwa amepata mchumba, kijana mzuri, watu wao ni wa Magharibi, na tulikuwa tumealikwa kwa ami wa huyo kijana, mtaa wa Muthangari, wazazi wajuane. Wifi yangu alikalia kiti cha mteja wa kusukwa bila kuulizwa. Akasema mimi ndiye fundi, basi niwatengenezee kina mama wote wa upande wetu skafu za rangi moja, damu ya mzee, tutoke kama watu. Nikamwuliza mshono. Akasema zao maganda.

"Yako ifanye pana," akasema. "Mshono wa kufunga. Ipande mpaka hapa." Akajigusa chini ya sikio.

"Yangu kwa nini isiwe kama zenu?"

Binti yangu alikuwa anaangalia wasusi. "Mathe, ni siku moja tu. Hao watu hawatujui."

"Hawatujui sisi, ama hawamjui baba yako?"

Hapo akanitazama. "Mimi nilikuwa mlangoni. Usinifundishe kilichotokea, nilikiona. Nakuomba tu usikibebe mpaka kwa watu."

Wifi akamalizia kwamba hakuna la kubeba, wameshawaambia ni stovu, na baba mtu atakaa mbele na suti yake, na mimi kazi yangu ni kukaa na kutabasamu. Alisema kama mtu anayepanga viti. Miaka yote hiyo nilifikiri lile neno la stovu lilibaki hospitali. Kumbe wamekuwa wakitembea nalo, na sasa lilikuwa limefika kwa wakwe kabla yangu, na mimi ndiye nilitakiwa kulishonea nguo. Nikivaa ile skafu pana, nimesema stovu kwa shingo yangu mwenyewe. Na wajukuu wangu wataambiwa stovu.

Sikubishana. Kesho yake niliingia mjini, nikazunguka maduka ya nyuzi ya Biashara Street nikijaribisha shingoni hadi wale wauzaji wakaanza kuitana wanione. Nilipata pamba laini, rangi ile ile waliyotaka. Hiyo ilikuwa yangu. Za kina mama wengine nilizishona kwa wuli ya kawaida, maganda mazuri, sikudharau kazi. Ya wifi nilimchagulia wuli inayowasha kuliko zote dukani. Niliijaribu kwanza kwangu, nisije nikakosea.

Muthangari tulipokelewa na geti jeusi, hema, viti vya plastiki vimevalishwa vitambaa vyeupe. Mume wangu alikaa mbele na suti. Alikuwa amenenepa. Mimi nilivua koti, na skafu yangu ikaonekana: matundu matupu, mapana ya kupita kidole, na shingo nzima iko ndani yake kama kitu kilichowekwa dirishani. Wifi aliniona, akaninong'oneza kwa Kikamba maneno ambayo siku ya kujuana hayatakiwi. Binti yangu aliona, akageuka akaenda kushika trei. Maombi yalikuwa marefu. Wifi alijikuna kutoka mwanzo hadi amina.

Mama wa yule kijana alinikalisha kando yake. Ni mama mnene, mpole, anaongea polepole kama mtu anayechagua mchele. Aliishika ncha ya skafu, akaigeuza aone nyuma, maana anayejua kazi huangalia nyuma. Akasema ni kazi safi. Halafu akaniangalia shingo bila kuiba, wazi, vile watu hawaniangaliagi.

"Pole, mama," akasema. "Tuliambiwa ni stovu."

Sikupaza sauti. "Stovu ndiyo ile," nikasema, na nikaonyesha kwa mdomo, vile tunavyoonyeshana. "Inakula paja la kuku."

Wifi akaruka haraka kuwaambia wasinisikilize, dawa za hospitali ziliniharibu kichwa, naongea hivi mara kwa mara. Labda angeshinda, ana mdomo huyo mwanamke. Lakini mume wangu alifuta vidole kwa karatasi, akacheka kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya mbele za watu:

"Mama, hayo ni ya zamani. Mimi na yeye tulishasameheana."

Yule mama akamgeukia wifi. "Kwa hivyo stovu nayo ilisamehewa?"

Dada mtu alikuwa amekaza macho kwa kaka yake, kama mtu aliyeshonewa nguo na fundi akaikata vibaya mbele yake. Mama wa kijana akaweka kikombe chini, akamwita binti yangu, akamwuliza kwa upole kabisa, mwanangu, na wewe ulikuwa wapi. Binti yangu alikuwa amesimama na trei ya vikombe. Akaiweka mezani. Nikajua angalau sasa nitajua yuko upande wa nani.

"Nilikuwa mlangoni," akasema. "Nilimwona akimwagia Mathe."

Tuliondoka mapema. Hadi getini binti yangu hakunitazama, na baada ya hapo hakupiga simu. Wifi alizunguka Kawangware yote akisema nimevunja ndoa ya mtoto wangu kwa kiburi cha shingo. Mchungaji alinitumia ujumbe wa kuniombea, sikuujibu. Nilikaa kwenye kona yangu nikashona skafu za watu, na kama mnataka kujua nililia, nililia, lakini sikufumua kitu.

Binti yangu alikuja siku ya mvua. Alisimama mbele yangu, maji yanamtoka kwa nywele, mpaka yule dada msusi akaanza kumshawishi asukwe akifikiri ni mteja.

"Arusi iko," akaniambia. "Baba haji. Mama mkwe alisema hawezi kukaa naye meza moja, na mimi nikasema sawa."

Nikaendelea kushona.

"Bado nimekukasirikia."

"Endelea tu."

Akatoa kwenye mfuko donge la uzi mweupe unaong'aa, akauweka mapajani mwangu. Akasema nijishonee ya kuvaa siku hiyo. Nikamwuliza mshono gani. Akasema, "Ile ya matundu."

Nikauchukua ule uzi, nikauweka chini ya taya. Haikuchukua muda.

"Hii ni takataka," nikamwambia. "Itaniwasha kabla hata hamjaapishwa. Rudisha."

"Muuzaji alisema ni laini kabisa. Mimi mwenyewe niliujaribu."

"Uliujaribu wapi?"

Akanionyesha kiganja. Nilimrudishia tu ule uzi. Akautazama, akanitazama shingo, kisha akauinua akaubana chini ya taya lake, upande wa kushoto, akasimama hivyo katikati ya wasusi wanaoita wateja, akingoja. Baada ya muda akaanza kujikuna.