Karatasi Isiyo na Namba

Kila asubuhi, kabla hajanywa chai, shangazi yangu hupangusa vitufe vya piano kwa kitambaa kikavu, kuanzia sauti nzito hadi nyembamba, polepole, asije akatuamsha. Sote huamka hata hivyo. Baba, ambaye ni kaka yake, hugeuka kitandani na kunung'unika kwamba nyumba hii haina haja ya jogoo.

Piano yenyewe imebanwa kati ya jokofu na mlango wa chumba chake, hivi kwamba mtu akitaka maziwa lazima mwanafunzi asogeze kiti. Shangazi amefundishia hapo tangu nikiwa mdogo. Alipojiunga na chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili katika ufundishaji wa piano, baba alicheka mpaka akakohoa.

"Yaani miaka yote hii unafundisha, halafu leo unakwenda kufundishwa kufundisha?"

"Na wewe kaka, uliendesha gari muda gani bila leseni?"

Baba akarudi kwenye chai yake.

Utafiti wake ulihusu watu wazima wanaoanza kusoma nota. Alitakiwa amchukue mtu asiyejua chochote, amfundishe, kisha amlete mbele ya watahini apige wimbo ambao hajawahi kuuona. Akishindwa, utafiti umeanguka, na shahada nayo. Alimpata msusi wa mtaa wa nyuma, mama wa makamo mwenye vidole vyepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Mwalimu, mimi kichwa cha mtu nakimaliza huku naangalia mlangoni," alisema siku ya kwanza. "Hivi vyeupe na vyeusi ndiyo vinishinde?"

Vidole havikumshinda. Zilimshinda nota, zile zilizoning'inia kwenye mistari mitano. Alikuwa akitoka kazini amesimama kutwa, anaikodolea macho karatasi, kisha anasema bora aache tu. Ndipo shangazi akachukua penseli. Walimu wa piano huandika namba ndogo juu ya nota chache, kuonyesha kidole cha kutumia: gumba ni moja, kidole cha mwisho ni tano. Shangazi aliandika juu ya kila nota. Mkono ukishawekwa mahali pake, namba peke yake zinatosha. Msusi alipiga wimbo mzima siku hiyohiyo, akapiga na kigelegele.

"Nitazifuta taratibu," shangazi aliniambia.

Kila wiki alishika kifutio. Kila wiki msusi alikuja na habari za wateja wake, akatuchekesha, akapiga vizuri, na kifutio kikarudi mfukoni.

Siku ya mtihani nilimbebea mkoba. Chumba kilikuwa na piano kubwa, feni ya darini na watahini watatu. Masharti yalisomwa: mwalimu akae nyuma, asiseme, asitoe ishara. Wimbo waliomwekea msusi ulikuwa mwepesi kuliko zote alizokwisha kupiga. Aliweka mikono tayari, akainamia karatasi. Akaigeuza nyuma. Akairudisha.

"Mwalimu, hii haijaandikwa."

"Imeandikwa, mama," alisema mtahini mwenye miwani, kwa upole. "Soma tu."

"Wapi?"

Shangazi alikuwa ameikalia mikono yake. Msusi alibonyeza kitufe kimoja, akasubiri kama mtu aliyebisha hodi, akabonyeza kingine. Feni ilizunguka. Mwishowe mtahini akamshukuru.

Kwenye korido msusi alimshika shangazi mkono. "Nimekuangusha, mwalimu. Wamenipa karatasi mbovu, lakini ningejaribu hata kubahatisha."

"Hujaniangusha, dada."

Angesema nini? Maelezo yoyote yangemwambia yule mama kwamba muda wote huo hakuwa anasoma muziki.

Uamuzi wa chuo ulikuwa aanze upya na mwanafunzi mwingine, na muda wake wa masomo ulikuwa unakwisha muhula huo. Aliomba nyongeza, akanyimwa. Akaenda kwa mkuu wa idara, aliyemkaribisha kiti, akamsikitikia kwa dhati, akamnyima. Shangazi alirudi nyumbani akavua viatu, akakaa navyo mapajani mpaka chakula kikapoa. Baba alifungua mdomo kutania, akaishia kumsogezea chumvi.

Wiki iliyofuata msusi alikuja kama kawaida, na karatasi zake zilezile, akapiga bila kukosea hata mara moja. Shangazi alimsikiliza ameegemea jokofu. Alimsindikiza hadi mlangoni, akapunga mkono, akarudi.

"Shangazi," niliuliza, "kwa nini hukuzifuta zile namba?"

"Niliogopa ataacha kuja."